Kuku mmoja ameatamia na mwenzake amebaki peke yake, niwatenganishe ama niwaache?

mkulima_lanet

Habari zenu wadau. Niko Nakuru huku Lanet, nafuga kuku wawili tu wa kienyeji hapa nyuma ya nyumba, niliwaletewa na mama mkwe kutoka Bungoma na wamelelewa pamoja tangu wakiwa vifaranga. Mmoja ni wa madoadoa, mwingine mweusi kabisa, na watoto wamewaita hivyo hivyo, Madoa na Mweusi. Jogoo sina juu nyumba zimekaribiana na landlodi alishasema hataki kelele za alfajiri.

Sasa kutoka wiki iliyopita Madoa ameatamia. Mayai yote nimetoa lakini anakalia nyasi tupu. Ukisogea anavimba, manyoya yote yanasimama, anatoa ile sauti ya kukwaruza kooni na ukiingiza mkono anadonoa. Anatoka mara moja kwa siku, anakula mbio mbio, anaenda haja moja kubwa inanuka vibaya sana, anajirusha mchanga kidogo halafu huyo amerudi ndani. Kifuani ameanza kujing'oa manyoya.

Hiyo najua ni kawaida ya kuku. Kinachonisumbua ni Mweusi. Hawa wawili hawajawahi kuachana hata siku moja, mmoja akienda kwa sukuma mwingine yuko nyuma yake. Saa hii Mweusi anashinda mlangoni kwa banda akiita, anakula kidogo anaacha, kutaga leo anataga kesho hatagi. Na akitaga anataka kile kiota kile kile, juzi nimempata amepanda juu ya mgongo wa Madoa anajisukuma ndani, akataga hapo hapo na Madoa akalivuta yai kwa mdomo akaliweka chini yake. Halafu Madoa akitoka kula, Mweusi anamkimbilia kwa furaha na anapigwa mdomo wa kichwa hadi anatoroka. Usiku analala kwa fito peke yake na mnajua baridi ya huku.

Banda ni la mbao na mabati, kiota kimoja, fito moja. Nauliza, nimtoe Madoa kwa hiyo hali ama nimtafutie mayai ya jogoo aangue? Na nikiwatenganisha, siku ya kurudiana si watapigana? Jirani ameniambia nimchovye Madoa kwa ndoo ya maji baridi mara kadhaa atasahau, mimi naona ni kumtesa, lakini nimesema niulize wenye wamezoea.

---

kuku_kajulu

Dada usimchovye kwa maji tafadhali. Huku Kisumu na joto letu lote bado si kitu cha kumfanyia kuku, sasa Nakuru na upepo wenu wa jioni utamletea ugonjwa bure na akikauka atarudi kwa kiota vile vile. Kuna wengine humfunga mguu kwa kamba ama kumpitisha unyoya puani, hizo pia achana nazo kabisa. Kuku akiatamia si kiburi, ni homoni za mwili wake zimebadilika, ameacha kutaga na mwili wote unamwambia akae hapo awe na joto chini ya tumbo. Ukitaka aache, ondoa hilo joto, hakuna dawa nyingine.

Kwanza amua jambo moja leo, unataka vifaranga ama hutaki. Usimwache katikati. Kuku anayekalia nyasi tupu hajui siku zimeisha, hakuna kifaranga wa kumlilia ndani ya yai, kwa hivyo anaweza kupitisha zile siku 21 za kuangua na kuendelea, huku anakonda, kifua kinabaki mfupa, na wewe hupati yai wala kifaranga.

Kama hutaki vifaranga, tafuta kreti ya mkate, zile za plastiki zenye matundu chini, ama utengeneze kasha la waya. Liinue kwa matofali upepo upite chini. Usiweke nyasi, usiweke gunia, usiweke kitu chochote cha kufanana na kiota. Weka maji na chakula muda wote, mahali kuna mwanga na kivuli, mvua isimfikie, na usiku uwe umehakikisha paka na panya hawawezi kumfikia. Siku 3 mpaka 5 wengi huwa wameachana nayo. Unamjaribu hivi, mfungulie mchana uone anaenda wapi. Akienda kuparua na kula, amepona. Akikimbia moja kwa moja kwa kiota, mrudishe kwa kreti. Akishaacha, hesabu wiki 2 ama 3 ndio aanze kutaga tena, usimharakishe. Na ukimwahi mapema inakuwa rahisi, akishazama wiki nyingi anakusumbua.

Sasa hii ya Mweusi ndio muhimu na wengi huwa hawaifikirii. Hilo kasha usilipeleke nyuma ya nyumba ama kwa jirani. Liweke hapo hapo uwanjani mahali Mweusi anashinda. Waonane, wasikie sauti, na bakuli ya chakula ya Mweusi iwe kando ya waya ndio wale pamoja kila mtu upande wake. Kuku wawili wakitenganishwa wasionane kwa wiki nzima wanarudiana kama wageni, hapo ndio vita vinaanza vya nani mkubwa. Wakikaa wakionana, ule undugu haukatiki.

---

bonde_poultry

Mimi naona shida ni moja tu, Mweusi ni mpweke. Mnunulie mwenzake sokoni mambo yaishe.

---

shamba_shinyalu

Hapana bonde_poultry, hapo tafadhali. Kuku wa sokoni humjui ametoka wapi, na kideri, ule ugonjwa wa Newcastle, inaingia boma hivyo hivyo, mtu ananunua kuku mzuri Jumamosi na wiki inayofuata anazika wote. Hata kama ni mzima, mgeni mmoja akiingia kwa boma lenye kuku mmoja mpweke na mwingine ameatamia, huyo mgeni atakula kichapo na Madoa akitoka kwa kiota ataanza vita upya na watu wawili. Mweusi hahitaji rafiki mpya, rafiki yake yuko hapo hapo ndani ya banda.

Sasa mkulima_lanet, mimi niko Shinyalu, kwetu kuku ni kuku, mgeni hawezi kuondoka bila ingokho, yaani kuku. Nakuambia usimtoe huyo Madoa. Kuku anayeatamia vizuri hivyo, anayekataa kutoka hata ukimnyang'anya mayai, huyo ni mali. Hawa kuku walioboreshwa, kina Kuroiler na Sasso na hata wale wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, wa Naivasha, wanataga sana lakini kuatamia kumetolewa ndani yao, wengi hawakai. Mtu akiwa nao analazimika kununua mashine ya kuangulia ama kila mara anunue vifaranga. Wewe mashine imejileta yenyewe, haitumii stima.

Tafuta mtu mwenye kuku na jogoo, Nakuru hamkosi, hata ukienda pande za Bahati ama Njoro. Kwa kuku wa kienyeji wa saizi ya kawaida mayai 10 mpaka 12 yanatosha, angalia tu yasitokeze kando ya manyoya, yakitokeza yanapoa, halafu akiyageuza yale ya pembeni yanaingia katikati na ya katikati yanatoka, mwisho umeharibu yote. Chagua mayai ya saizi ya kati, yasiyo na ufa, ambayo hayajapita siku 7 tangu yatagwe. Usiyaoshe, kama yana uchafu mdogo futa kwa kitambaa kikavu. Ukiyabeba kwa matatu yabebe kwa trei ncha ikiwa chini, na ukifika nyumbani yaache yatulie mpaka usiku.

Na umwekee usiku, taa ikiwa hafifu. Ingiza mkono pole pole chini ya kifua na uyaweke yote kwa pamoja, yasianze leo matatu kesho mawili. Ukimwekea kwa awamu, vifaranga wa kwanza wakianguliwa mama anaondoka nao na yale mengine yanafia ndani. Andika kila yai kwa penseli mstari wa kuzunguka. Si wino, penseli. Hiyo ndio itakusaidia na Mweusi, juu Mweusi ataendelea kutaga humo na Madoa atayaiba yote. Kila jioni Madoa akitoka kula unainua, lile yai halina mstari ni la Mweusi, na kwa vile huna jogoo halina kitu ndani, hilo ni la kupika.

Ama bora zaidi, umtengee. Mwekee Mweusi kiota chake, hata ndoo ya rangi iliyolazwa kwa ubavu na nyasi ndani, uweke na yai la plastiki ama jiwe jeupe aone kuna mtu ametaga hapo. Halafu weka waya katikati ya banda, Madoa upande mmoja na kiota chake, Mweusi upande wa pili na fito. Hapo nakubaliana na kuku_kajulu mia kwa mia, wasitenganishwe mbali.

Kitu kingine ambacho sisi wa huku hatuwezi kusahau ni siafu. Sijui kama Lanet mnazo lakini huku karibu na msitu wa Kakamega, msimu wa mvua, siafu zikipata kuku ameatamia usiku anakufa akiwa amekaa, hatoki kwa mayai. Banda liwe na miguu, na chini ya kila mguu uweke kopo lenye oili chafu ya gari ama uzungushie jivu jingi kavu, na ukiona mstari wa siafu jioni usilale.

---

paraveti_molo

Naongeza mambo ya chakula na afya, juu naona hamjayagusa.

Saa hii unawapa nini? Kama ni leyas mash, chakula cha kuku wa kutaga, kwa hawa wawili wakiwa wakubwa si mbaya, lakini siku vifaranga watatoka hiyo lazima iondoke pale chini. Leyas mash ina kalsiamu nyingi ya kutengeneza ganda la yai, kifaranga akiila kila siku inamharibu figo. Weka chiki mash, chakula cha vifaranga, kwa wote watatu, yaani mama, mwenzake na vifaranga, halafu Mweusi mwekee kalsiamu yake kando, maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa, kwa kopo lililotundikwa juu kidogo mahali vifaranga hawafiki. Mweusi atajichukulia mwenyewe kulingana na vile anahitaji. Madoa kwa sasa hatagi, hahitaji kalsiamu nyingi, anahitaji nguvu. Mahindi yaliyovunjwa yanamsaidia sana wakati wa kuatamia, hasa na baridi ya kwenu. Maji na chakula viwe karibu na kiota lakini si ndani, anafaa ainuke, ajinyooshe, aende haja nje. Akienda haja juu ya mayai, yanachafuka, bakteria wanaingia kwa matundu ya ganda.

Ya pili ni wadudu. Kuku aliyeatamia haogi mchanga vile anaogaga, amekaa kwa nyasi zenye joto, hapo chawa na utitiri wanazaana bila kusumbuliwa. Usiku mmulike kwa tochi, angalia chini ya bawa na kando ya mkundu, na uangalie nyufa za mbao za banda kama kuna vidudu vidogo vyekundu vimejificha. Wakiwa wengi atakimbia mayai, na vifaranga wakizaliwa humo wananyonywa damu hadi wanakufa na mtu anafikiria ni ugonjwa. Kabla ya kuweka mayai toa nyasi zote, choma, tandika mpya, na umpake Madoa na Mweusi wote dawa ya unga ya wadudu kutoka agroveti, kwa kiasi imeandikwa. Usimpake mmoja ukaacha mwingine. Na umwekee kila mmoja karai la mchanga mkavu uliochanganywa na jivu.

Ya tatu ni chanjo. Kama hawajachanjwa kideri kwa miezi mitatu iliyopita, fanya hivyo kabla hujamwekea mayai, ile ya tone moja la jicho, wote wawili siku moja. Akishaanza kuhesabu siku usimshikeshike. Vifaranga nao wana ratiba yao, kuna Gumboro, kuna kideri, baadaye ndui, uliza daktari wa mifugo wa hapo kwenu akuandikie tarehe juu chanjo zingine huuzwa chupa ya kuku 100 na wewe una 10, kwa hivyo ungana na majirani wenye vifaranga mgawane siku hiyo hiyo. Chupa ikifunguliwa haiwekwi ya kesho.

---

mkulima_lanet

Asanteni sana jamani, hata sikutarajia mtu atanielezea hivi. Nimemmulika Madoa usiku na kweli kuna chawa chini ya bawa, Mweusi pia anao, nitaenda agroveti.

Bwanangu anasema tuweke mayai, watoto pia wanataka vifaranga. Mimi nimekubali, lakini bado nina wasiwasi na Mweusi. Vifaranga wakitoka hatawaua? Nimeona kuku mkubwa akidonoa kifaranga wa mwingine kichwani mara moja na kimeisha. Na je, badala ya mayai siwezi kununua tu vifaranga vya siku moja nikamwekea usiku? Juu nikihesabu, siku 21 za mayai na hizi ameshakaa bure, si atakuwa amekonda sana?

---

kuku_kajulu

Inawezekana, na wengi hufanya. Lakini vifaranga viwe vya siku moja kweli, vikifika siku 4 ama 5 vimeshazoea taa na havijui mama, havitamfuata. Unamwekea usiku wa giza, unaingiza kimoja kimoja chini ya bawa, unatoa yai la plastiki kwa mkono huo huo. Ukisikia analia ile sauti ya chini chini ya kwiu kwiu, amekubali. Alfajiri uwe hapo kabla hakujapambazuka vizuri, ndio ujue kama anawafunika ama anawadonoa. Akidonoa toa wote mara moja, na uwe na mahali pa joto umeandaa tayari.

Shida ni kwamba kuku ambaye ameatamia siku chache wakati mwingine hajafika, homoni bado zinamwambia kalia, hajafika pale pa kulea. Wengi hungoja kama wiki mbili mpaka tatu. Na vifaranga vya hatchari mara nyingi ni vya kuku walioboreshwa, wanakua haraka, si mbaya, lakini ukitaka mwingine wa kuatamia kama Madoa, chukua mayai ya kienyeji.

Kuhusu kukonda, mpime kwa mkono, shika mfupa wa kifua. Kama pembeni bado kuna nyama ya kushika, ana nguvu ya kumaliza. Kama mfupa umesimama kama kisu, usimwekee mayai, mtoe kwa kreti ale apone, ataatamia tena msimu mwingine.

---

mama_wa_butere

Nimekuwa nikisoma kimya lakini hapa kwa vifaranga na kuku mwingine lazima niseme, juu nimelea kuku wengi wakiwa wawili wawili hivyo.

Mwenzake kuua vifaranga inatokea sana wakati hajaona kuatamia kukiendelea. Mtu anafungia mama ndani ya nyumba, kwa jikoni ama chini ya kitanda, mwezi mzima, halafu siku moja anamtoa nje na vifaranga 10. Yule aliyebaki nje anaona kundi la wageni limeingia kwake. Lakini akikaa upande wa pili wa waya siku zote, anasikia mama akiongea na mayai zile siku za mwisho, anasikia vifaranga wakijibu wakiwa bado ndani ya ganda, anawaona wakitoka chini ya bawa kuja kula, siku ukifungua waya hao si wageni tena. Kuna wengine hata wanasaidia kulea, nimewahi kuona vifaranga wamegawanyika usiku nusu kwa mama nusu kwa shangazi yao. Usitegemee hiyo lakini inatokea.

Mimi hufanya hivi. Siku ya 7 hivi mpaka 10 mulika mayai kwa tochi ya simu usiku, kunja karatasi ngumu iwe kama bomba ndio mwanga usitawanyike. Yai lenye uhai utaona doa jeusi na mishipa myekundu imetoka kila upande, lile limebaki jeupe kama siku ya kwanza litoe. Kuanzia siku ya 18 usiguse tena, usigeuze, usimulike, acha mama. Kuanzia siku ya 20 utasikia milio. Yai likitoboka inaweza kuchukua siku nzima kifaranga kutoka, watu wengi wanaona huruma wanabandua ganda na kifaranga anatoka damu na kufa. Acha. Na wakitoka wa kwanza usiwe na haraka ya kumpa chakula, bado wana kiini cha yai tumboni, wanaweza kukaa siku 2 bila kula, ndio maana mama anaendelea kukaa akingoja waliochelewa. Ukimtoa mapema kwa kutikisa tikisa bakuli, anaacha wale wa mwisho.

Halafu wiki mbili za kwanza waya ibaki. Mama na wadogo upande wao, Mweusi upande wake, chakula kando kando ya waya. Maji ya vifaranga yawe kwa kisahani na mawe madogo ndani, kifaranga anazama kwa maji ya kimo cha kidole. Baada ya hapo toboa kitundu chini ya waya saizi ya kifaranga tu, wakubwa wasipite. Wao wenyewe wataanza kuingia kwa Mweusi na kukimbia kurudi kwa mama. Usimame hapo uangalie. Donoa moja ndogo ya kumwambia kifaranga aondoke kwa chakula ni kawaida, hata mama yao huwafanyia. Ukiona anawafukuza na kurudia, anawashika na kutikisa, funga kitundu ungoje wiki nyingine. Ukiona hana shida, ondoa waya mchana ukiwa nyumbani, uwanjani kwenye nafasi, si ndani ya banda dogo, na bakuli ziwe mbili ama tatu mbali mbali. Madoa ndiye atampiga Mweusi siku za kwanza, mama mwenye vifaranga hana rafiki. Mweusi awe na mahali pa kupanda juu apumzike.

Na wakianza kutoka nje wape mchwa. Kwetu tunachukua chungu kikuukuu ama kopo, tunajaza mabua ya mahindi na kinyesi cha ng'ombe kilicholowa kidogo, tunakifunika kifudifudi mahali kuna shimo la mchwa jioni. Asubuhi unakuta wamejaa, unawamwagia vifaranga, na wanakua nao haraka sana. Omena iliyosagwa pia ni nzuri, kidogo tu. Mwewe nao waangalie, mwezi wa kwanza tandaza wavu ama matawi juu ya uwanja.

---

shamba_shinyalu

Mama umemaliza kabisa. Niongeze tu kwamba siku za kuatamia Mweusi naye asikae bure. Mfungulie saa ile Madoa anatoka kula, wawe nje pamoja hizo dakika 20 ama 30. Weka bakuli mbili mbali kidogo ndio kusiwe na sababu ya kugombana, na umwache Madoa ajirushe mchanga kwanza. Akikaa nje zaidi ya nusu saa bila kurudi na kuna baridi, mshike umrudishe mwenyewe.

---

mkulima_lanet

Basi nimeamua hivi. Kesho nabadilisha nyasi na kuwapaka dawa wote wawili, nimeongea na daktari wa mifugo kuhusu kideri atakuja Jumatano. Fundi wa hapa ananiwekea waya katikati ya banda na ndoo ya Mweusi iko tayari. Mayai nitachukua kwa mama mmoja Bahati ana jogoo wawili, ameniambia atanikusanyia ya siku 5. Mpaka hapo Madoa akalie mayai ya plastiki. Mfupa wa kifua nimepima, nyama iko.

Swali la mwisho, na niombe mnivumilie. Leo mchana Mweusi ameingia kwa ile ndoo mpya, akakaa muda mrefu sana na nilipomgusa akavimba kidogo. Je kama naye ataatamia?

---

mama_wa_butere

Angalia usiku. Kuku anayetaga anaweza kukaa kwa kiota mchana kwa muda mrefu na hata akavimba ukimsumbua, lakini giza likiingia anapanda kwa fito. Ukimkuta ndani ya ndoo saa tatu usiku, basi ameambukizwa na mwenzake, hiyo hutokea wakikaa wakionana.

Na kama ni hivyo, una njia mbili nzuri. Ya kwanza, mtoe yeye kwa kreti kama kuku_kajulu alivyosema, ndio ubaki na mmoja wa kutaga. Ya pili, gawa mayai ya Bahati usiku mmoja kwa wote wawili, 8 kwa huyu na 8 kwa yule kila mtu upande wake wa waya, wataangua siku moja. Wakishaangua unahamishia vifaranga wote kwa Madoa usiku huo huo, mmoja anaweza kulea 15 bila shida kama ni mkubwa, na Mweusi unamrudisha kwa kutaga mapema. Hii ya pili ndio sisi hufanya tukitaka vifaranga wengi. Lakini usiamue kabla hujamwangalia usiku.

---

mkulima_lanet

Nimetoka kuangalia saa hii. Yuko kwa fito.

---

paraveti_molo

Vizuri. Toa yai la leo kwa ndoo uache lile la plastiki tu, na umpe Mweusi mahindi kidogo jioni kabla ya kulala, baridi ya wiki hii imezidi. Jumatano usisahau kuweka chanjo mahali baridi mpaka dakika ya kuitumia, na hao wawili washikwe wote asubuhi na mapema kabla jua halijapanda.